Spika Isiyo na Sanduku

Wasomaji wengi wa gazeti hili wameniuliza zile mbao mbili zisimamazo mbele ya ukumbi wetu ni kitu gani, na kwa nini migongo yake imeachwa wazi kama nyumba isiyomalizika. Wako waliodhani kwamba fedha za kununulia sanduku zilitupungukia. Hazikutupungukia. Spika zile zimejengwa hivyo makusudi, nami katika kurasa hizi nitaeleza sababu zake, na jinsi sisi wa chama cha sayansi tulivyozipima na kuzitengeneza hapa hapa Kabatoro, ili mwenye kupenda naye ajaribu.

Kwanza yafaa tujue spika yenyewe ni nini. Fungua redio yoyote mbovu utaiona. Kuna karatasi ngumu iliyokunjwa kama tarumbeta pana, imeshikwa ukingoni kwa mpira au kitambaa. Nyuma yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, nao umeingia katika ufa wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika waya ule, sumaku huuvuta na kuusukuma, nao huipeleka karatasi mbele na nyuma. Karatasi husukuma hewa, na hewa hugonga masikio yetu. Spika ya namna hii ilielezwa na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, mwaka 1925, na nyingi tuzionazo leo, tangu ya redio ya mfukoni hadi zile za uwanja wa mpira, ni wajukuu wa hiyo yao.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalifikirii. Karatasi ikienda mbele, hewa ya mbele hubanwa, lakini wakati huo huo hewa ya nyuma hupungua. Basi kila spika hutoa sauti mbili, moja mbele na moja nyuma, nazo ni kinyume, kama watu wawili washikao msumeno mmoja: huyu akivuta, yule anasukuma. Ukiishika spika tupu mkononi, hewa iliyobanwa mbele hukimbia kupita ukingoni na kujaza upungufu wa nyuma, na sauti hufa kabla haijafika popote. Ndiyo maana spika tupu hulia kama mbu. Lakini chukua kipande cha katoni, toboa tundu, uibandike spika yako pale. Papo hapo sauti inanenepa. Hukuongeza umeme wala hukubadili spika. Umerefusha tu njia ya ile hewa kutoka mbele kwenda nyuma. Rice na Kellogg waliyajua hayo, na ubao wenye tundu ulikuwamo katika maelezo yao.

Hapo pana hesabu kidogo, nayo si ngumu. Katika joto la nyuzi 25, sauti husafiri karibu meta 346 kwa sekunde. Sauti itetemayo mara 100 kwa sekunde, yaani hezi 100, ina wimbi la urefu wa meta 3.46. Ya hezi 50 ina wimbi la karibu meta 7. Ya hezi 3460 ina sentimeta 10 tu. Ubao ulio mpana kuliko wimbi huizuia sauti ya nyuma isiiharibu ya mbele. Ubao ulio mdogo kuliko wimbi hauwezi, na kadiri sauti inavyozidi kuwa nene ndivyo inavyozidi kupotea. Kwa ubao wenye upana wa sentimeta 60 hasara huanza karibu na hezi 190, na kutoka hapo kwenda chini, kila mitetemo inapopungua kwa nusu, nguvu ya msukumo wa sauti nayo hupungua kwa nusu. Hii ndiyo kodi ambayo spika isiyo na sanduku hulipa, nami sitaificha.

Watu wengi huikwepa kodi hiyo kwa kujenga sanduku. Sauti ya nyuma hufungiwa ndani, mambo yakaisha. Lakini je, yameisha kweli? Sauti iliyofungiwa haikufa. Hugonga kuta za sanduku, kuta zikatetemeka na kuimba wimbo wao wenyewe, na sehemu nyingine hurudi na kupenya tena katika ile karatasi ambayo si nene kuliko jalada la daftari. Mafundi hodari hujenga masanduku mazito yasiyotetemeka, wakayajaza pamba, nami siyadharau hata kidogo. Lakini yale yauzwayo madukani kwa bei yetu ni ya mbao za unga wa msumeno uliogandishwa, membamba, nayo yana noti moja wanayoipenda. Mpiga gitaa la besi apige noti gani, sanduku hujibu bum, bum, ile ile. Ukisikiliza rumba ya Kongo kwa spika za namna hiyo katika soko la Bwera, utadhani besi ya kila bendi ilipigwa na mtu mmoja mwenye kidole kimoja.

Hata hivyo si rumba iliyotufanya tuanze kazi hii. Ni ukumbi wenyewe. Kama kumbi nyingi za huku Kasese, una sakafu ya saruji, kuta za matofali, na bati juu bila dari. Simama katikati upige kofi moja kisha ungoje: kofi linaruka ukutani, linarudi, linapanda batini, linashuka. Katika ukumbi huo twasali asubuhi, na humo humo madarasa mawili hukusanywa kwa somo la kusikiliza Kiswahili, maana tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri lilipokubali kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, wanafunzi wa somo hili wameongezeka na walimu si wengi. Mwalimu huweka sauti iliyorekodiwa, nasi huandika tulichosikia. Wa mbele wakiandika paka, wa nyuma waliandika kaka, na wengine taka. Si ujinga wala uziwi. Vokali ni nene na ndefu, konsonanti ni nyembamba na fupi. Vokali ya silabi iliyopita ikiwa bado inazunguka batini, huifunika konsonanti ya silabi inayofuata. Kumwongezea mtu sauti kubwa zaidi hakumsaidii, kwa sababu mwangwi nao unakua pamoja na sauti.

Shule ilikuwa na fedha kidogo za kununua spika mpya, na rai ya wengi ilikuwa tununue jozi ya masanduku makubwa. Sisi tuliomba muhula mmoja na sehemu ndogo ya fedha hizo. Tulikubaliwa kwa sharti: zikishindwa, chama cha sayansi hakitaomba kitu kingine mwaka mzima. Kwa wanachama waliokuwa wakitegemea kemikali za majaribio ya mtihani wa mwisho, sharti hilo halikuwa mzaha.

Kwa nini tulithubutu? Kwa sababu ya tabia moja ya ubao ulio wazi. Nimesema kwamba sauti ya nyuma ni kinyume cha ile ya mbele. Basi ukisimama ubavuni mwa ubao, mahali ambapo sauti zote mbili hukufikia pamoja, zinauana, nawe husikii ila kidogo. Mbele pana sauti, nyuma pana sauti, ubavuni kimya. Ukichora picha yake utapata tarakimu 8. Na ubavu hapa si wa kulia na wa kushoto tu, ni wa juu na wa chini pia, maana ukingo wa ubao unazunguka pande zote. Bati la juu halipati sauti nyingi, wala kuta za kando. Kwa hesabu, spika ya namna hii ikisikika mbele yake kwa nguvu sawa na spika inayomwaga sauti pande zote, humwaga ukumbini theluthi moja tu ya nishati. Msikilizaji aweza kurudi nyuma mara 1.7 kabla mwangwi haujamfunika. Aliyekuwa akisikia vizuri hadi meta 6, sasa atasikia hadi meta 10 hivi. Ni kweli kwamba spika ya sanduku nayo huelekeza mbele sauti zake nyembamba; tofauti kubwa iko katika sauti nene na za kati. Lakini nimekwisha kusema kwamba hizo ndizo zinazofunika konsonanti.

Wala si uvumbuzi wetu. Redio kubwa za mbao walizokuwa nazo wazee wetu, wakati Uganda ilipoanza kutangaza mwaka 1954, hazikuwa na mgongo wa kuziba sauti. Nyuma palikuwa na katoni yenye matundu tu, ili taa za ndani zipate hewa. Huko Uingereza, Peter Walker alitoa mwaka 1957 spika ya utando mwembamba usukumwao na umeme bila sumaku, nao ulitoa sauti mbele na nyuma vivyo hivyo. Mpaka leo wako wanaoitafuta. Na Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyefanya kazi ya uhandisi Marekani na kufariki mwaka 2018, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuzipima spika zilizo wazi na kuwafundisha watu wa kawaida kuzijenga kwa plaiwudi nyumbani mwao. Spika za aina hii zinazojengwa na mafundi wa Ulaya huweza kuuzwa kwa bei ya gari. Lakini fizikia haiulizi bei, na ubao ni ubao.

Sisi Bakonzo tuna mfano wa karibu zaidi. Endara yetu hupigwa juu ya migomba miwili iliyolazwa chini, nazo mbao zake hazina vibuyu wala sanduku chini yake. Sauti hutoka katika mti ikaingia hewani moja kwa moja. Mgomba nao una kazi: ni laini na umejaa maji, huzuia ubao mmoja usimtikise mwenziwe.

Sasa kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuchagua spika zinazofaa, na hapa wengi hupotea, maana hutafuta sumaku kubwa. Kwa ubao wazi sumaku kubwa mno ni hasara. Kila spika ina mtetemo wake wa asili, kama bembea, na ina namba inayoonyesha jinsi inavyojizuia isiendelee kubembea. Namba hiyo huandikwa kwa herufi Q. Ikiwa ndogo, kama 0.3 au 0.4, spika imeshikwa kwa nguvu na sumaku yake, nayo hufaa masanduku yenye tundu. Ikiwa kati ya 0.7 na 1, spika hupandisha sauti yake kidogo pale karibu na mtetemo wake wa asili, na pale ndipo ubao unapoishusha. Kilema kimoja kinamsaidia mwenzake.

Tulizipata kwa mafundi wa magari. Zile spika zenye umbo la yai, inchi 6 kwa 9, zikaazo nyuma ya viti vya nyuma vya magari madogo, zilitengenezwa zifanye kazi bila sanduku lake mwenyewe. Ile rafu ya gari ndiyo ubao wake. Magari hufa, spika hubaki. Tulinunua sita, tukapima zote, tukachagua nne zilizofanana zaidi.

Jinsi ya kupima ni hii, nayo inahitaji vitu ambavyo maabara yoyote inavyo. Weka rezista ya omu 1000 kati ya amplifaya na spika. Simu ya mwalimu, kwa programu ya kutoa sauti za hezi utakazo, ndiyo itakayopeleka sauti kwa amplifaya. Mita ya umeme iweke kwenye ncha mbili za spika, isome volti za umeme wa kubadilika. Kwa kuwa rezista ni kubwa sana kuliko spika, umeme upitao ni karibu ule ule daima, kwa hiyo volti zikipanda, ukinzani wa spika umepanda. Kwanza toa spika na mahali pake weka rezista ya omu 10, usome. Sasa wajua ni milivolti ngapi zilizo sawa na omu 10. Rudisha spika, anza hezi 20 ukipanda polepole. Volti zitapanda, zitafika kilele, kisha zitashuka. Kilele ndicho mtetemo wa asili.

Nitatoa mfano wa spika yetu moja. Ukinzani wake ikiwa imetulia, bila sauti, ulikuwa omu 3.4. Kilele chake kilikuwa omu 20, kwenye hezi 62. Gawanya 20 kwa 3.4, wapata 5.88. Tafuta kipeo cha pili cha namba hiyo, nacho ni 2.43. Zidisha 2.43 kwa 3.4, wapata omu 8.25. Sasa tafuta hezi mbili, moja chini ya kilele na moja juu yake, ambapo ukinzani ni omu 8.25. Kwetu zilikuwa 48 na 80, tofauti yake 32. Zidisha 62 kwa 2.43 ugawanye kwa 32, wapata 4.71. Gawanya tena kwa 5.88, wapata 0.80. Hiyo ndiyo Q, nayo iko pale pale tulipopataka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu, na kwa maoni yangu ingefaa iwekwe katika mazoezi ya fizikia badala ya lile tatizo la mpira unaodondoka mnarani, ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Kwa sauti za kati na nyembamba tulichukua spika mbili za inchi 5 kutoka redio-kaseti zilizokufa, zenye karatasi nyepesi na kijikaratasi kingine kidogo katikati cha sauti nyembamba.

Ubao. Plaiwudi nzima ina sentimeta 122 kwa 244, unene milimeta 18. Ukiikata kwa uangalifu unapata vipande vinne vya 60 kwa 120, na kipande kimoja hakitoshi kwa ubao, kwa sababu kitatetemeka. Basi tulivigundisha viwili viwili, tukapata mbao mbili zenye unene wa milimeta 36. Gundi ile nyeupe ya maseremala inataka mgandamizo sawasawa kwa usiku mzima. Hatukuwa na jiriwa za kutosha, lakini katika Katwe hapakosi uzito: tulipanga juu yake magunia ya chumvi kutoka ziwani, na asubuhi hata wembe haungeingia kati ya vipande vile.

Spika hazikuwekwa katikati ya ubao. Kama tundu liko katikati kabisa, sauti zote za nyuma hufika ukingoni kwa wakati mmoja, nazo huzua shimo na kilima katika sauti. Tuliweka vituo vya matundu sentimeta 22 kutoka ukingo mmoja na 38 kutoka mwingine, ubao wa kulia ukiwa kioo cha ubao wa kushoto. Spika mbili za yai ziko chini, ile ndogo iko juu, mahali panapolingana na masikio ya mtu aliyekaa. Na jambo moja ambalo seremala atalipuuza usipomsimamia: kwa nyuma, kingo za tundu lazima zichongwe mshazari kwa patasi na tupa. Tundu lililonyooka katika ubao mnene ni kama mtungi. Sauti ya nyuma huguna ndani yake. Miguu tuliitengeneza kwa mkaratusi mkavu, na chini yake tukabandika vipande vya mpira wa tairi, ndiyo migomba yetu.

Skrubu ziwe za shaba nyeupe au zilizopakwa zinki. Hapa Kabatoro chumvi iko hata katika upepo. Kila mtu anakijua kile kiwanda cha chumvi cha Katwe kilichojengwa katika miaka ya 1970. Maji ya ziwa yaliyala mabomba yake na kazi ikasimama muda mfupi baada ya kuanza, na mabati yake bado yanaonekana kutoka barabarani. Kama mabomba makubwa vile yalishindwa, waya mwembamba kama unywele utafanya nini? Viungo vyote vya waya tulivilehemu kwa risasi kisha tukavipaka vanishi.

Kugawa sauti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Spika mbili za yai, kila moja ya omu 4, huunganishwa kwa mfululizo zikawa omu 8. Mbele yake huwekwa koili ya milihenri 3, inayozuia sauti nyembamba zisipite. Yetu ilisokotwa na fundi wa mota za umeme mjini Kasese kwa waya wa shaba wa transfoma. Mbele ya spika ndogo huwekwa kapasita ya maikrofaradi 50, inayozuia sauti nene. Kapasita ya kawaida ya ukubwa huo ina upande chanya na hasi, nayo haifai muziki; lakini ukichukua mbili za maikrofaradi 100 na kuunganisha hasi kwa hasi, wapata moja ya 50 isiyochagua upande. Makutano ya sauti zetu yako karibu na hezi 400.

Kabla ya kufunga waya wa mwisho, gusisha betri ya tochi, moja tu ya volti 1.5, kwenye ncha za spika kwa nukta moja. Karatasi ikiruka mbele, upande uliogusa chanya ndio chanya, utie alama. Spika mbili za yai zikiunganishwa moja mbele na moja nyuma zitauana, na utaikosa besi yote huku ukilaumu ubao.

Mahali pa kuzisimamisha ni sehemu ya ujenzi wenyewe. Ubao wazi haupendi ukuta. Ukiusogeza ukutani, sauti ya nyuma hurudi haraka na kuchafua ya mbele. Meta 1 ni kiasi cha chini kabisa: hapo sauti ya nyuma husafiri meta 2 zaidi, nayo huchelewa karibu sehemu 6 za elfu za sekunde. Zetu ziko meta moja na nusu kutoka ukuta wa mbele, nyuso zimegeuzwa kidogo ndani. Ndiyo sababu mnakatazwa kuzisukuma nyuma wakati wa kufagia. Tafadhali, enyi wa zamu, msizisukume.

Siku ya jaribio mwalimu alirekodi orodha ya maneno: paka, taka, kaka, saka, waka, na mengine ya namna hiyo yaliyochanganywa ili mtu asiweze kubahatisha. Wa viti vya nyuma waliandika kwanza wakisikiliza kisanduku cha zamani cha ukumbi, kisha orodha nyingine wakisikiliza mbao. Madaftari yalisahihishwa na mwalimu ambaye hakuambiwa lipi ni lipi. Sitadai kwamba kila mtu alipata yote, maana wako ambao hata ukiwanong'oneza sikioni wataandika kitu kingine. Lakini tofauti ilionekana bila kuhesabu. Kurasa za orodha ya pili zilikuwa na wino mwekundu mchache mno. Kemikali zetu zilisalimika.

Jioni ile ile tuliweka sauti ya endara tuliyorekodi mlimani likizo iliyopita. Katika kisanduku cha zamani mapigo ya haraka ya wapigaji yalikuwa yamegandana kama uji. Sasa kila pigo lilikaa peke yake, na ungeweza kusema huyu amekaa kulia na yule kushoto. Mzee mmoja kati ya wapigaji, aliyekuja kumwona mjukuu wake, aliinuka akaenda nyuma ya ubao, akachungulia, akauliza watu wamekimbilia wapi. Kisha akasikiliza tena, akatuambia kwamba mpigaji wa pili alikosea mahali fulani. Ilikuwa kweli, na sisi tulioisikia sauti ile mara ishirini hatukuwa tumetambua.

Mapungufu yake nitayataja waziwazi. Hizi si spika za dansi. Kwa spika ya sanduku, sauti ikishuka kwa nusu ya mitetemo, karatasi lazima iende mbali mara 4 ili nguvu ibaki ile ile. Kwa ubao wazi ni mara 8. Karatasi ya spika ya gari ina milimeta chache tu za kwenda. Atakayezifungulia hadi mwisho siku ya kufunga shule atasikia mlio kama wa kuku aliyekanyagwa, na kesho yake hatutakuwa na spika. Kwa dansi tukodi masanduku. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41, nazo mbao zetu huanza kuchoka karibu na 60. Hata hivyo sikio ni mwerevu: noti ile hubeba pia hezi 82 na 123, na ubongo ukizipata hizo hujijazia iliyokosekana. Kuhusu tembo wa mbugani, ambao sehemu ya mazungumzo yao iko chini ya hezi 20, hakuna ubao utakaowaleta ukumbini, na masikio yetu nayo yasingewapokea. Wala mvua ikipiga bati msitulaumu. Pale hata mhubiri hodari hungoja.

Vipimo vyote, pamoja na kielelezo cha katoni cha tundu la yai, vimetundikwa ndani ya mlango wa chumba cha sayansi. Zimebaki spika mbili za yai ambazo hatukuzichagua. Q zake ni nzuri ila hazifanani na zile nne. Kidato cha pili wameziomba kwa ajili ya bwalo la chakula, nao wanatafuta plaiwudi.